Prosesa mpya za gemu: ni kasi kweli au mbwembwe za matangazo?

fremu_60
Wakuu habari za jioni. Nina mashine ya gemu niliyoiunga mwenyewe, Ryzen 5 3600, kadi ya picha RX 6600, ram 16GB za DDR4, mazabodi ya B450 na monita ya 1080p 144Hz. Sasa nimejibana miezi kadhaa nikapata hela ya kuchukua Ryzen 7 9700X, ila hiyo inataka soketi ya AM5, kwa hiyo mazabodi mpya na ram za DDR5 juu yake, yani karibu mashine nzima. Kilichonivuta ni ile asilimia 16 waliyoitangaza AMD 2024 kwamba Zen 5, kizazi cha hiyo 9700X, imeizidi Zen 4 ya kabla yake, nikajisemea kama wa Zen 4 anapata 16 basi mimi wa 3600, yani Zen 2, si ndo nitapaa kabisa. Afu kuna jamaa yangu ananing'ang'ania nichukue Intel Core Ultra, eti zina mpaka AI ndani. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela maana ya kurudia sina.

fundi_wa_bayosi
Mkuu usitoe hela kwanza. Hiyo 16 sio fremu, yani picha ngapi gemu inaonyesha kwa sekunde. Ni kazi ambayo kori inamaliza kwa kila mpigo wa saa yake, na ni wastani wa programu mchanganyiko, kuna gemu humo ndani ila kuna na mambo mengine kibao. 9700X ilipotoka Agosti 2024 watu wakaipima kwenye magemu wakakuta inaizidi 7700X ya Zen 4 kwa asilimia chache tu, sehemu zingine hata huoni tofauti. Kilichokuwa kizuri ni umeme, 65W dhidi ya 105W za 7700X, hilo ni jambo la maana kwa anayejali joto na bili ya luku ila sio ndo kitu tulichoahidiwa. AMD wakaja kueleza kwamba vipimo vyao walivifanya kwenye akaunti ya admini na kwamba Windows inahitaji apdeti, apdeti ikaja, kweli ikaongeza kasi, ila ikaziongezea na prosesa za zamani kwa hiyo pengo likabaki palepale.

Ila kuna jambo linalokuhusu wewe kabisa na ndo limenifanya niandike. Mwaka huohuo 2024 AMD walitangaza Ryzen 9 5900XT na Ryzen 7 5800XT, wakaonyesha slaidi za magemu zikilingana au kuzizidi kidogo Intel i7-13700K na i5-13600KF. Ukisoma maandishi madogo ya chini unakuta kadi waliyopimia ni RX 6600. Kadi yako hiyohiyo! Kadi inachoka kabla prosesa haijaanza kutoka jasho, sasa hapo utapimaje prosesa? Ni sawa na kushindanisha Scania mbili kwenye foleni ya Kimara saa 12 jioni, zote zitafika pamoja na hutajua ipi ina injini. Sasa geuza upande wako, kama RX 6600 iliweza kuficha tofauti ya prosesa kwenye slaidi za kampuni, itaificha na kwako ukiweka hiyo 9700X.

mdau_kisauni
Huyo fundi amesema kweli na mimi yamenikuta. Niliingia duka moja hapa Mombasa nikaambiwa shida ya mashine yangu ni prosesa imezeeka, nikanunua prosesa mpya na bodi yake na kila kitu, nikarudi nyumbani nikawasha gemu ileile na setingi zilezile na fremu hazikusonga hata kidogo. Niliumia sana kwa sababu ile pesa ilikuwa ya kazi ya miezi. Hakuna aliyeniuliza nina kadi gani wala monita gani, na hilo ndilo swali la kwanza mwuzaji anafaa kukuuliza.

Kuhusu Core Ultra, mwambie jamaa yako apunguze. Core Ultra 9 285K, ile kubwa yao, ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 589, na kwenye magemu ikawa mara nyingi nyuma ya 14900K yao wenyewe ya mwaka uliotangulia. Intel hapo sitawasingizia, walisema mapema kwamba kwenye gemu itakuwa karibu sawa na ya nyuma na kwamba walichokazania ni kupunguza umeme. Ila pia wametenganisha ile sehemu inayoongea na ram ikakaa kwenye kipande kingine cha silikoni, data inachelewa njiani, na gemu ni kitu kinachochukia kuchelewa. Hiyo AI ni NPU, kipande cha prosesa cha kazi za AI, ina kazi zake lakini fremu haikuongezei. Na soketi ni mpya, LGA1851, bodi ya zamani haikubali.

zuhura_pc
Nakubaliana nanyi ila tusiwatie watu wasiwasi kwamba kila kitu ni uongo. Kuna sehemu moja ambapo matangazo na vipimo vimeshikana, nayo ni X3D, zile prosesa za AMD zilizoongezewa kashe. Angalieni 5800X3D ya 2022, mwisho wake ni 4.5GHz wakati 5800X ya kawaida inafika 4.7, mtu wa kusoma GHz kwenye boksi angeiacha dukani, lakini kwenye gemu inaipiga 5800X vizuri tu. Sababu ni kashe, yani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, wamebandika 64MB juu ya zile 32 ikawa 96MB. Gemu kila fremu inachokonoa vitu vidogovidogo vingi, vikikaa kwenye kashe prosesa haihangaiki kwenda kwenye ram ambako ni mbali. Ndo maana 9800X3D ilipokuja Novemba 2024 wakaihamishia ile kashe chini ya kori ili joto litoke vizuri, ikafika 5.2GHz, AMD wakasema itaizidi 7800X3D iliyoitangulia kwa asilimia 8 hivi kwenye gemu na waliopima wakakuta ni kweli au zaidi kidogo. Hapo mtu katangaza alichonacho.

fundi_wa_bayosi
Sawa dada, ila hao wanaopima X3D wanapima 1080p na kadi kubwa kama RTX 4090, nani anacheza hivo? Si ndo mbwembwe zilezile?

zuhura_pc
Hapana kaka, hapo nakataa kabisa. Wanaweka kadi kubwa na rezolusheni ndogo makusudi ili kadi isiwe kizuizi, prosesa ibaki peke yake uone nguvu yake yote. Ni kinyume cha ile ya RX 6600. Kosa ni msomaji kuchukua ile namba akadhani ataipata kwake na kadi ndogo. Kipimo kinakwambia prosesa inaweza kusukuma fremu ngapi, kadi yako ndo inaamua utaona ngapi.

Fremu_60 fanya hivi leo usiku, bure kabisa. Washa MSI Afterburner, programu ya kuangalia kadi inavyofanya kazi, ingia gemu unalocheza sana, angalia asilimia ya matumizi ya GPU, yani kadi ya picha. Ikisoma 97 mpaka 99 muda wote, kizuizi ni kadi. Ikicheza 60 au 70 huku fremu ziko chini na hujaziwekea kikomo kwenye setingi, kizuizi ni prosesa. Afu shusha setingi zote mpaka chini, fremu zikipanda sana ni kadi, zisipopanda ni prosesa.

fremu_60
Nimerudi wakuu, sikulala. Cyberpunk GPU 99 mwanzo mwisho, nikishusha setingi fremu zinapanda sana. Ila CS2 (Counter-Strike 2) GPU inacheza 60 na kitu, nikishusha setingi fremu zinabaki palepale na zinadondoka ghafla watu wakirusha moshi. Sa hii inamaanisha vyote viwili?

zuhura_pc
Ndiyo, na ni kawaida, kila gemu na kizuizi chake. CS2 ni gemu la prosesa, na 3600 yako ile kashe ya 32MB imegawanywa vipande viwili vya 16, kila kori tatu na kipande chao, ndo maana inakata pumzi. Lakini AM5 haikuhusu. Bodi yako ya B450 inakubali 5700X3D, ina kori 8 na 96MB zilezile, ilitoka mapema 2024 kwa dola 249, ram zako unabaki nazo. Hela inayobaki weka kwenye kadi.

mdau_kisauni
Na kabla ya kadi angalia pawa saplai yako ni wati ngapi na ni ya aina gani, usije ukaweka kadi kubwa ikawa inazima katikati ya gemu.

fremu_60
Pawa saplai ni 650W, nina risiti yake. Nimeghairi 9700X. Naanza na 5700X3D kwa sababu CS2 ndo nacheza kila siku na washikaji, kadi itasubiri miezi miwili mitatu. Swali la mwisho, bayosi yangu, ile programu ya bodi inayowasha mashine, ni ya 2019 sijawahi kuigusa, itaikubali?

fundi_wa_bayosi
Apdeti bayosi kwanza huku 3600 ikiwa bado ndani, usiitoe. Ukiweka 5700X3D kwenye bayosi ya 2019 hutaona picha kabisa. Nenda tovuti ya waliotengeneza bodi, tafuta modeli yako mpaka herufi ya mwisho, angalia orodha ya prosesa inazokubali, na soma kama kuna toleo la katikati unatakiwa kupitia kwanza. Weka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32. Na fanya wakati umeme umetulia, kama una UPS chomeka humo. Tutumie picha ya jina la bodi tukuangalizie.