Naomba ushauri: shoka na msumeno wa kupasulia kuni za mkaratusi

Wakuu, heshima kwenu. Niko Njombe, na baridi ya huku ya Juni na Julai mnaijua. Natumia kuni za miwati na mikaratusi. Miwati hainisumbui. Shida ni magogo makavu ya mkaratusi: nyuzi zake zimejisokota, shoka linazama na kung'ang'ania humo humo. Yakiwa mabichi yanaachia upesi zaidi, lakini haya nimeyanunua yakiwa yamekauka tayari.

Je, nitafute shoka zito lenye mgongo mpana, au nibaki na hili jembamba niongeze kabari za chuma na nyundo kubwa? Mzee jirani ananishauri shoka la mhunzi, lile ambalo mkia wa chuma unapenya kichwa cha mpini. Anasema kila pigo hulikaza zaidi, na naona ana hoja, maana hili la dukani kiangazi mpini hunywea na kichwa kinacheza. Kuliloweka kwenye maji kunasaidia kwa muda tu. Mti ukikauka linalegea tena. Nina watoto uani, kwa hiyo kichwa kuchomoka ndiyo hofu yangu kubwa. Mpini wa mti gani unadumu?

Halafu msumeno. Ncha za meno ni nyeusi kama zilizochomwa, tupa inateleza tu bila kula. Nikinunua mwingine, nitautambuaje ule unaonoleka? Na meno mnayapinda kushoto na kulia kabla ya kupiga tupa, au baadaye?