Ruby: klasi ya mzigo wa dagaa imejaa mistari inayojirudia, naifupishaje?

MwanaUjiji (Kigoma)
Wakuu, habari za mchana. Programu inarekodi mizigo ya dagaa mwaloni Kibirizi. Lugha ya programu ni Ruby, toleo la 3.3.

```ruby
class Mzigo
  attr_reader :aina, :kilo, :bei
  def initialize(aina, kilo, bei)
    @aina = aina
    @kilo = kilo
    @bei = bei
  end
  def ==(m)
    aina == m.aina && kilo == m.kilo && bei == m.bei
  end
  def jumla
    @kilo * @bei
  end
end
```

Nikiongeza sifa moja nagusa sehemu nne. Pia `mizigo.uniq` haiondoi marudio, ingawa `==` ipo.

Mgebuka
`uniq` haiangalii `==`, inatumia `hash` na `eql?`. Struct (kiunda klasi za rekodi kilichomo ndani ya Ruby) inakupa zote tatu bure:

```ruby
Mzigo = Struct.new(:aina, :kilo, :bei) do
  def jumla = kilo * bei
end
```

Futa hizo `@`. Struct haihifadhi sifa humo, kwa hiyo `@kilo` itakuwa nil (tupu).

Asali_ya_Tabora
Sawa, lakini kwa rekodi ya mauzo Struct ni legelege mno. Ukisahau bei inaweka nil kimyakimya, kosa linakuja kulipuka kwenye `jumla`, mbali na chanzo. Na yeyote anaweza kuandika `m.bei = 0`. Kuanzia Ruby 3.2 (Desemba 2022) kuna Data, inayofanana na Struct ila sifa zake hazibadilishwi baada ya kuundwa:

```ruby
Mzigo = Data.define(:aina, :kilo, :bei) do
  def initialize(aina:, kilo:, bei:) = super(aina:, kilo:, bei: Integer(bei))
  def jumla = kilo * bei
end
```

Ukikosa bei, ArgumentError papo hapo. Kubadili bei: `m.with(bei: 9000)`, unapata mzigo mpya. `initialize` lazima ipokee majina hata ukiita `Mzigo.new("dagaa", 50, 8500)`, maana `new` huzipa thamani hizo majina kwanza. Kama huna cha kuhakiki, futa mstari wa `initialize`.

MwanaUjiji
Shukrani mkuu. Nikiandika `class Mzigo < Data.define(...)` je?

Asali_ya_Tabora
Inafanya kazi, ila faili likipakiwa mara ya pili unapata "superclass mismatch", kwa sababu kila `define` huzaa klasi mpya. Baki na `do`. Tahadhari moja: konstanti ukiiandika ndani ya `do` hutokea nje ya Mzigo. Andika `Mzigo::USHURU = 100` chini yake.

Mgebuka
Na Data haigandishi vilivyomo. `m.aina << " kavu"` bado inabadilisha stringi, isipokuwa uiwekee `freeze`.