Kondoa: tukipanda miti shambani, uyoga wa porini utarudi?

Mama wa Kolo:
Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha akina mama tumeahidiwa miche ya mgrivea na mwarobaini tuchanganye na mtama na mahindi chini ya kilima. Mimi ninachokililia ni uyoga. Mvua zikikolea, marehemu mama alikuwa akishuka na ungo umejaa ule wa rangi ya chungwa, anaupika kwa karanga. Sasa kilima kimeishia kwenye mkaa. Miche hii itaurudisha?

Bwana Misitu Mstaafu:
Mgrivea utawapa kuni na mbao, mwanangu, lakini uyoga ule hautawapa. Ule huishi na miombo, miti ya asili ya porini. Nyuzi zake nyembamba huvika ncha za mizizi. Mti unaupa sukari, nao unaupelekea mti maji na fosforasi. Ndiyo maana haulimwi kama uyoga mamama, unaoridhika na mabua makavu.

Kabla ya kuchimba shimo hata moja, pandeni kilimani mkakague visiki. Mti wa miombo ukikatwa huchipua tena, kisikini na mizizini. Chagueni machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine mpogoe, mfunge kitambaa wachungaji wajue kina mwenyewe. Hiyo ndiyo njia iitwayo kisiki hai, inayofanywa vijiji vingi vya Dodoma. Mti mkubwa wa miombo uliosalia msiuguse kabisa, maana kuvu, yaani zile nyuzi za uyoga, bado ipo mizizini mwake na machipukizi ya jirani yataipata hapo.

Mfuga Nyuki, Manyoni:
Na moto! Ukipita kila kiangazi, machipukizi yanaisha. Sisi tulitundika mizinga, sasa kila mwenye mzinga anaulinda msitu. Halafu vichuguu msivibomoe kwa ajili ya matofali: ule uyoga mkubwa mweupe hulimwa na mchwa humo ndani.

Mama wa Kolo:
Asanteni sana. Visiki tunavyo tele. Mtihani ni mbuzi.

Bwana Misitu Mstaafu:
Hilo Kondoa mnalijua. HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973, na 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, ila wafugaji waliumia, na mimi sitaki lirudiwe. Wakalisheni wafugaji kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mvua, mkubaliane upande gani wa kilima upumzike na majani ya kukata yatagawanywaje.

Mama wa Kolo:
Basi mgrivea tutaupanda mipakani, kilima tunakiachia visiki. Suala la mbuzi nalipeleka kwa mwenyekiti wiki hii.