Februari sanduku la kikoba likiwa tupu, tukope wapi?

Mleta mada, Tandahimba:
Wakuu, Februari 2024 jirani yangu aliishiwa unga. Akaenda kwa mtu wa kangomba, hawa wanaonunua korosho kwa magendo kabla hazijavunwa, akapewa elfu hamsini, akaandikiwa kilo hamsini za korosho. Zipimwe kwa kopo la mwenye hela, na lile kopo mnalijua: likitikiswatikiswa na kufanywa kichuguu juu, linabeba zaidi ya kilo. Oktoba minada ya korosho ikafunguliwa, bei ya kilo ikavuka 4,000. Piga hesabu mwenyewe.

Mtasema si angekopa kikobani, kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Ni mwanakikoba! Tuko 28, sanduku lina kufuli tatu, na Februari ndani mlikuwa na daftari tu. Kikoba cha mjini kina mama lishe, bodaboda na mwalimu. Huyu akikwama, yule anaingiza. Sisi mvua yetu moja, zao letu moja. Novemba sote tunazo, Februari sote hatuna. Riba gani itatibu hiyo?

Sasa hoja yangu. Mwaka 1983 huko Comox Valley, Kanada, ajira zilipopungua, Michael Linton alianzisha mpango ulioitwa LETS. Kila mtu anaanzia sifuri kwenye daftari. Nikikuezekea nyumba, mimi napanda, wewe unashuka kwa kiasi hicho hicho. Wewe utalipa kwa kumshonea mtu mwingine kabisa, si lazima mimi. Ukijumlisha daftari zima jibu ni sifuri, na hakuna riba. Februari hela hatuna ila mikono ipo, tena ni wakati wa palizi. Watu wanaacha mashamba yao yamezama kwenye majani, wanakwenda kulima kibarua cha unga. Kwa nini tusiandikiane siku za kazi?

Karani mstaafu wa AMCOS (chama cha msingi cha wakulima), Masasi:
Mdogo wangu, ugonjwa umeujua, dawa umekosea. Kama kijiji kizima hakina hela, hela itoke nje ya kijiji. Kazi hiyo inafanywa na SACCOS, chama cha akiba na mikopo, kwa sababu inaweza kukopa benki Januari na kuwakopesha wanachama. Korosho zikiuzwa kupitia chama cha msingi, deni linakatwa hapo hapo. Ndiyo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka leseni, na vitabu vikaguliwe. Usumbufu huo ndio unaomfanya mweka hazina asilale na hela zenu chini ya godoro.

Mama mkulima, Liwale:
Shikamoo mzee. Hapo kwenye "linakatwa hapo hapo" ndipo roho inaponiruka. Aprili 2013 hapa kwetu malipo ya pili ya korosho yalipokuja pungufu, nyumba za watu ziliwaka moto. Siungi mkono kuchoma, lakini mkulima akisikia neno makato anashika kichwa. Nani atanionyesha deni langu kabla halijakatwa? Mwaka jana nilipewa karatasi ya malipo yenye vifupisho vitano, na karani mwenyewe alishindwa kunieleza viwili.

Karani mstaafu:
Marahaba mama. Hilo ni kweli, sibishi. Karatasi hizo zinanichosha hata mimi.

Fundi cherehani, Lindi mjini:
Kaka wa Tandahimba, angalia usije ukachapa vikaratasi. Mei 2013 pale Mikindani (ya Mombasa, si hii yetu ya Mtwara) walianzisha Bangla-Pesa, vocha za wafanyabiashara wadogo kubadilishana bidhaa. Polisi wakawakamata waanzilishi. Agosti mashtaka yakafutwa. Kwetu nako, noti na sarafu ni kazi ya Benki Kuu peke yake. Andika siku za kazi, usiandike shilingi.

Halafu mimi nikishona sare za shule, uzi nanunua kwa hela. Mwenye duka la dawa hataki kupaliliwa. Daftari lako litaokoa palizi, mtoto akiumwa usiku utarudi kwa kangomba.

Mleta mada:
Nakubali nusu. Ila jirani yangu hakukopa kwa ajili ya dawa, alikopa unga ili apate nguvu ya kupalilia. Wangekuja watu sita siku moja kumpalilia, angepata siku tatu za kwenda kibarua cha unga. Tuanze na palizi na kupuliza mikorosho tu, na mtu asishuke zaidi ya siku tano. Kikoba kibaki kwa dharura.

Mama mkulima:
Na aliyeshuka siku tano akahamia Dar?

Mleta mada:
Hasara ya daftari zima. Siku tano za jembe si kilo hamsini, mama.

Mama mkulima:
Bibi yangu alikuwa akialika watu kulima, anapika togwa. Uliyekunywa togwa yake ukakacha zamu ya mwenzio, mwaka wa pili huitwi. Daftari lake lilikuwa kichwani. Ila kijiji chao kilikuwa na nyumba zisizozidi ishirini. Nyie kitongojini mko kaya ngapi?

Mleta mada:
Mia na kumi na kitu. Wengine hata majina siwajui.