Hii ni bidii au nishaharibikiwa?

Kalamu_Kavu:
Wakuu naombeni ushauri. Niko mwaka wa pili chuo, matokeo mazuri tu, ila siwezi kuacha kusoma. Juzi kwenye harusi ya dada yangu nilijifungia chooni dakika 20 nzima nasoma notsi nilizozipiga picha kwa simu, watu wanagonga mlango nawaambia tumbo linaniuma, na mtihani wenyewe haupo hata karibu! Nikikaa bila daftari moyo unaenda mbio, najiona kama nimeiba kitu. Watu wananisifia, mama ndo kabisa, lakini ukweli masomo yenyewe hata siyapendi tena, ukurasa mmoja naurudia mara sita na hakuna kinachobaki.

Babu_Kijana:
Wenzio tunaitafuta hiyo hamu hatuioni we unaleta malalamiko. Piga kitabu dogo acha kudeka.

Mtulivu:
@Babu_Kijana soma tena mwishoni, kasema hayapendi. Hamu iko wapi hapo?
Dogo, hili jambo limeshafanyiwa utafiti. 2015 mtafiti Atroszko na wenzake walichukua kipimo cha Bergen cha uraibu wa kazi, yaani dodoso la kupima mtu asiyeweza kuacha kufanya kazi, wakakigeuza kiwe cha kusoma, wakakijaribu kwa wanafunzi wa Norwei na Poland. Maswali 7 tu: unasoma ili kupunguza hatia na wasiwasi? Ukizuiwa kusoma unapata stresi? Watu wamekwambia upunguze ukawapuuza? Afya imeyumba? Na mengine ya hivyo, na cha kushangaza hakuna hata moja linalouliza unasoma masaa mangapi au umepata alama ngapi. Wapo Waitaliano pia, Loscalzo na Giannini, wao wanaliona liko karibu zaidi na wasiwasi unaomlazimisha mtu kurudiarudia jambo kuliko uraibu, na wanatenganisha anayesoma kupitiliza huku bado anafurahia na anayesoma kupitiliza huku moyo haupo. Wewe naona uko huyo wa pili. Usijipachike ugonjwa lakini, kwenye DSM-5, kile kitabu cha wataalamu cha kuorodhesha magonjwa ya akili, haumo, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Ila hayo mapigo ya moyo kamuone mshauri wa wanafunzi, usikae nayo.

Saa_Tatu_Kamili:
Mimi nilikuwa hivyohivyo. Kilichonisaidia ni kuweka saa ya kufunga, saa tatu usiku daftari linaingia kabatini hata kama nimeachia katikati ya sentensi, wiki ya kwanza nilikuwa nazunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga lol. Halafu hiyo ya kurudia ukurasa mara sita acha, inakudanganya tu kwamba unajua. Funga kitabu ujiulize maswali, watafiti Roediger na Karpicke walishaonyesha 2006 kwamba anayejipima anakumbuka zaidi baada ya siku kadhaa kuliko anayerudia kusoma. Na lala bana, usingizini ndo ubongo unapanga ulichosoma.

Babu_Kijana:
Haya nimekaa kimya. Pole dogo

Kalamu_Kavu:
Asanteni sana wakuu. Nimejijibu yale maswali ya @Mtulivu, ya hatia na stresi yote ni "kila mara", nimeogopa kidogo. Alhamisi nina miadi na mshauri. Nimempigia na dada kumuomba radhi, kumbe alijua siku ileile, anasema yeye ndo alikuwa anagonga na alinisikia ndani nanong'ona hatua za mzunguko wa Krebs, ule wa kwenye biolojia.