Amekula maharage yangu yote, kisha akaniambia chumvi haikukolea!

Ndugu wanajukwaa, ninaandika haya sufuria tupu ikiwa bado mkononi. Yule jirani yangu wa hosteli, mnamfahamu, ambaye tangu bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) liingie hajanunua hata kitunguu kimoja, amenimalizia maharage kisha akatamka kwamba chumvi haikukolea.

Mimi muhula mzima nimeishi kwa chipsi mayai. Nilipoanza kujifunza kupika nilitia nyanya mapema, na maharage yakagoma kuiva hadi gesi ikaisha. Safari hii niliyachambua, nikayaloweka usiku kucha, nikamwaga maji yale, nikayachemsha hadi yakabonyea, ndipo nikayaunga, nikatia tui jepesi na mwishowe tui zito, huku nikikoroga bila kupumzika lisije likakatika. Mbuzi ya kukunia nazi imenichubua vidole viwili. Nikaenda kuoga. Niliporudi nilimkuta anakomba sufuria kwa mkate (mkate wangu, naomba mzingatie), na kabla sijafumbua kinywa akasema chumvi haikukolea. Haikukolea! Sufuria ambayo ingetosha matanga matatu!

Mwiko Mkavu: Pole sana, ndugu, lakini kuna swali umelikwepa: je, chumvi ilikuwa imekolea?

Mleta uzi: Nilikusudia kuiongeza baada ya kuoga, na hilo silo suala la uzi huu.

Ukoko wa Wali: Kwa hiyo jirani alisema kweli.

Mleta uzi: Alisema kweli huku akitafuna mali yangu!

Binti Dagaa: Afadhali wewe uliyebakiziwa sufuria. Wa kwangu aliazima mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 ili achemshe chai, akapikia makongoro, akaurudisha ukiwa mwepesi kama unyoya, na hata mchuzi sikuuonja.

Ukoko wa Wali: Makongoro kwa gesi, dada? Hayo hupikwa kwa mkaa, tena kuanzia alfajiri.

Mwiko Mkavu: Huo mkaa mtaupitisha getini kwa njia gani? Kwetu mlinzi alinusa kitunguu kikikaangwa, akapanda hadi ghorofa ya tatu na kuondoka na jiko langu, na sasa kila jioni analipikia kibandani kwake.

Mleta uzi: Ndugu zangu, tulikuwa tunazungumzia maharage.

Binti Dagaa: Mwiko Mkavu, huyo mlinzi leo amepika nini?