Jioni ya watoto wa darasa la 4 hadi la 6 kanisani: nifanyeje wa mtaani nao waje?

Fundi Cherehani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na msio wa upande wetu habari za saa hizi.

Mimi ni mwalimu wa sande skuli kwenye usharika mmoja wa Kilutheri hapa Iringa, pembeni ya mji. Mkate wangu unatoka kwenye cherehani, kwa hiyo msinione mtaalamu. Kinachonisumbua ni hili kundi la katikati. Ukiwachanganya na wadogo wananuna, na kipaimara bado hawajafika. Wanaishia kukaa kwenye ukuta wa nje wakirusha vijiwe huku ibada inaendelea.

Mwaka jana likizo ya Juni tuliwaandalia usiku wao. Tukatangaza kanisani Jumapili 3 mfululizo. Walikuja 41, na wageni wa kweli walikuwa 3, tena 2 kati yao ni wajukuu wa mzee wa kanisa waliokuja likizo. Tulianza saa 12 na nusu, kwaya ikachelewa, mahubiri yakaenda dakika 50 (niliangalia saa), umeme ukakatika saa 2 kasoro. Pilau ikaliwa gizani. Wakati wa kutoka, kijana mmoja wa darasa la 6 alinisogelea getini akaniuliza, "Mwalimu, hii ilikuwa yetu au ya wazazi?" Nikajifanya natafuta funguo.

Mwaka huu wazee wamenipa 180,000. Ninaowataka ni wale wanaocheza mpira kiwanja cha jirani na mashine ya kusaga: wa kwetu, Wakatoliki, Waislamu, na wasiokwenda popote. Naomba mawazo ya mtu aliyewahi kufanya, siyo nadharia.

Mama Mwalimu, Mbeya

Kaka, umetangaza kanisani halafu unashangaa asiyekuja kanisani hakusikia? Sisi kila mtoto tunampa vikaratasi 2, kimoja chake na kimoja cha rafiki yake wa mtaani, na mlangoni wanaingia wawili wawili. Mtoto wa miaka 11 hamfuati mwalimu asiyemjua, anamfuata mwenzake.

Halafu huo usiku. Juni jua linazama karibu na saa 12 na nusu, nyie ndiyo kwanza mnaanza! Anzeni saa 9 na nusu alasiri, chakula saa 11, giza likiingia mbaki na moto na hadithi tu, saa 1 waondoke. Chagua wiki ya mbalamwezi. Wapange kwa njia zao za kurudi, wa bondeni pamoja, wa barabara kuu pamoja, na kila kundi liende na watu wazima 2. Si mmoja, hata kama huyo mmoja ni mwinjilisti mwenyewe. Weka daftari mlangoni: jina, simu ya mzazi, anaondoka na nani. Na bandika ukutani namba 116, ile ya simu ya watoto, waizoee.

Baridi yenu naijua. Waombe akina mama masweta ya akiba, maana asiye nalo hatasema.

Baba Wawili

Mimi ni Mwislamu, nina 2 wa umri huo, naandika kama mzazi wa ng'ambo ya pili. Wakati fulani mwanangu alialikwa "bonanza la mpira", akarudi na kijitabu mfukoni na habari kwamba aliitwa mbele akaombewa. Kijitabu hakikunikera. Kilichonikera ni kufanywa mjinga. Ningeambiwa kweli, kwamba ni jioni ya kanisa, kuna hadithi ya Biblia, michezo na chakula, ningeamua mwenyewe, na huenda ningemruhusu.

Kwa hiyo mwalimu, pita nyumba kwa nyumba, sema lilivyo. Kama kuna kuku, mwite jirani Mwislamu achinje, haitakugharimu kitu, na wazazi waambiwe. Na mtoto wa mwenzio usimsimamishe mbele za watu.

Msela wa Sande

Pilau achana nayo, hela yote itaishia kwenye nyama na mchele. Andazi la 200, kila mtoto 2, watoto 60, hiyo ni 24,000. Chai ya tangawizi, viazi vya kuchoma kwenye jivu la moto wenu, basi. Hakuna haja hata ya kuku.

Mchezo: Gideoni wa kwenye Biblia, kitabu cha Waamuzi sura ya 7. Makundi 3, tochi ndani ya ndoo, wanazunguka kiwanja kimya kimya. Filimbi ikilia wanazitoa zote kwa mpigo na kupiga kelele. Wetu walidai turudie mara 4. Umeme ukikatika ndiyo raha yenyewe. Lakini nyimbo za kupiga makofi na kuruka kama chura usithubutu, utawakimbiza.

Fundi Cherehani

Asanteni sana. Baba Wawili, nikwambie ukweli: rasimu ya kikaratasi changu ilikuwa imeandikwa "BONANZA" kwa herufi kubwa. Leo nimeichana. Kesho jioni naanza kupita nyumba za upande wa mashine ya kusaga, na nitaanza na zile ambazo najua nitaulizwa maswali magumu.

Mama, saa 9 na nusu kwetu wengi wanachota maji, nitaweka saa 10. Hayo mengine nayachukua kama yalivyo.

Gideoni nimempenda. Nimerudi kusoma sura ya 6: alikuwa anapura ngano kwa kujificha, na alipoitwa akajitetea kwamba yeye ndiye mdogo kwao. Nikamkumbuka yule kijana wa getini. Nimemtafuta, nikampa kazi ya kupanga makundi. Mabaki ya vitambaa dukani yapo ya rangi 3, nitawashonea vitambaa vya kufunga mkononi, kila kundi rangi yake. Ameniuliza kama ya bluu inaweza kuwa ya kundi lake.

Imebaki hadithi nani aisimulie. Mchungaji anaitaka. Nimemwambia ni dakika 12. Amecheka, hajasema ndiyo.